Samaki mpya hupatikanaje? Siri ya mito ya Meru na Embu

MVUA inayonyesha kwenye miteremko ya Mlima Kenya katika eneo la Meru huwa na njia mbili za kwenda. Ikianguka upande wa Timau na Buuri, maji yake huteremka kaskazini hadi Mto Ewaso Nyiro, ambao safari yake huishia katika kinamasi cha Lorian. Ikianguka upande wa mashariki, maji hufuata mito kama Kathita, Thingithu na Mutonga, hadi Mto Tana na hatimaye Bahari Hindi. Mito ya Embu, ikiwemo Rupingazi, Ena na Thuci, nayo humimina maji yake katika Tana.

Kwa mkulima anayetafuta maji ya kunyunyizia viazi au majani chai, tofauti hiyo si kubwa. Maji ni maji, na mlima ni mmoja.

Lakini kwa samaki mdogo asiyeweza kutembea nchi kavu, mgongo wa ardhi unaotenganisha mabonde hayo mawili ni ukuta. Samaki wa upande mmoja hawezi kumwoa wala kumzalia wa upande wa pili. Miaka ikipita kwa maelfu na maelfu, jamaa waliotoka ukoo mmoja huweza kuwa watu wasiojuana.

Hilo ndilo jambo lililodhihirika wanasayansi walipowachunguza kwa makini kambare wadogo wanaoishi katika mito ya Kenya yenye mawe na maji ya kasi. Mwaka 2015, watafiti Ray Schmidt na Henry Bart wa Marekani, pamoja na Mkenya Dkt Wanja Dorothy Nyingi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walichapisha maelezo ya spishi mbili mpya za kambare hao. Mmoja alitoka bonde la Ewaso Nyiro Kaskazini, naye akaitwa Chiloglanis devosi. Wa pili alitoka bonde la Mto Kerio katika Bonde la Ufa, akapewa jina Chiloglanis kerioensis.

Jamaa yao wa bonde la Tana alikuwa tayari na jina lake tangu mwaka 1902: Chiloglanis brevibarbis. Kwa hivyo yule wa Ewaso Nyiro alikaa zaidi ya karne moja baada ya jirani yake bila kutambuliwa rasmi, ilhali mito yao huchota maji kutoka mlima ule ule.

Je, kiumbe hutangazwaje kuwa mpya? Nani ana mamlaka ya kumpa jina? Na kuna faida gani kwa mwananchi wa Meru au Embu ikiwa samaki asiyetosha hata kitoweo cha mtoto atapewa jina la Kilatini?

Mpya kwa nani?

Kwanza ni vyema kuondoa dhana moja potovu. Mtaalamu anaposema "spishi mpya" hamaanishi kwamba samaki huyo ameumbwa jana. Huenda ameishi mtoni kabla binadamu hawajafika eneo hilo. Wachungaji, wachota maji na watoto wanaoogelea huenda wamemwona mara nyingi.

Upya wake uko katika daftari la sayansi. Mpaka pale mtu atakapoandika maelezo yanayomtofautisha na samaki wengine wote wanaojulikana, akampa jina kwa kufuata kanuni na kuyachapisha maelezo hayo hadharani, samaki huyo hahesabiwi. Hali yake ni kama ya mtu asiye na kitambulisho: yupo, anaishi, lakini hakuna ofisi inayomjua.

Ulimwenguni kote, zaidi ya spishi 36,000 za samaki zimekwisha kupewa majina, na karibu nusu yazo huishi katika maji baridi. Kila mwaka mamia ya majina mapya huongezwa.

Hapa Kenya, orodha muhimu ya samaki wa maji baridi ilichapishwa mwaka 2003 na Lothar Seegers, Luc De Vos na Daniel Okeyo. Bila kuhesabu jamii kubwa ya samaki aina ya haplokromi wa Ziwa Victoria, walipata spishi 206. Waandishi hao walionya kwamba idadi ingeongezeka kadiri mito isiyochunguzwa vyema inavyofikiwa. Utabiri wao umetimia.

Kambare wa mawe

Chiloglanis ni jina lililotokana na maneno mawili ya Kigiriki: mdomo na kambare. Ni jina linalowafaa. Midomo ya samaki hawa imepanuka na kuungana ikawa mfano wa kisahani cha kunyonyea, ambacho hukibandika juu ya jiwe. Mto ukivuma kiasi gani, samaki hubaki pale pale akikwangua ukungu wa mimea na vijidudu vilivyoshikamana na jiwe.

Wengi wao hawazidi urefu wa kidole cha mtu mzima. Rangi yao ya kahawia yenye mabaka hufanana na mawe wanayokalia. Mtu anaweza kuvuka mto mara mia na asiwaone hata siku moja.

Maumbile hayo ndiyo yanayowafanya wawe wafungwa wa mabonde yao. Kambare wakubwa wa matopeni huweza kustahimili maji machafu, na wengine hujiburura kwenye majani mabichi kutoka kidimbwi hadi kidimbwi. Kambare wa mawe hawezi. Anahitaji maji yanayokwenda kasi, yenye hewa ya kutosha, na mawe yasiyofunikwa na matope. Nyanda kavu na maji yaliyotulia kwake ni jangwa.

Kwa sababu hiyo, kila bonde huwa kama kisiwa. Palipo na visiwa vingi, wataalamu hutarajia kukuta viumbe ambao hawapatikani penginepo.

Safari ya mtoni

Kazi ya kumtambua samaki mpya huanzia ofisini. Mtafiti, awe Mkenya au mgeni, huhitaji idhini kabla ya kutia wavu majini. Tangu sheria ya mwaka 2013, vibali vya utafiti hutolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI. Anayetaka kuchukua chembe za urithi za viumbe hufungwa pia na kanuni za mwaka 2006 zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA. Kanuni hizo zinakusudia kuhakikisha kwamba rasilimali za nchi hazichukuliwi bila wenyewe kujua na kunufaika.

Huko mtoni, kambare wa mawe hakamatwi kwa ndoana. Watafiti hutega wavu mdogo upande wa chini wa mkondo, kisha mtu husimama juu yake akiyapindua na kuyatikisa mawe kwa miguu. Samaki waliobanduka husombwa na maji na kuingia wavuni. Wengine hutumia mashine inayotoa umeme hafifu ambao huwapumbaza samaki kwa muda mfupi.

Kila anayekamatwa hupigwa picha akiwa angali na rangi zake halisi, kwa maana rangi hufifia upesi baada ya kufa. Mahali alipopatikana huandikwa kwa vipimo vya setilaiti, pamoja na tarehe, hali ya maji na majina ya waliomkamata. Samaki asiye na maelezo hayo hana thamani kubwa kwa sayansi, hata akiwa wa ajabu namna gani.

Kisha hukatwa kipande kidogo cha pezi au nyama na kutiwa katika alkoholi kali ili DNA isiharibike. Mwili wenyewe hulazwa katika formalini ili usioze, na baadaye huhamishiwa katika alkoholi isiyo kali sana. Ukihifadhiwa hivyo vizuri, mwili huo unaweza kudumu zaidi ya miaka mia moja.

Kuhesabu meno

Sehemu ndefu zaidi ya kazi hufanyika mezani. Mtafiti hupima kila samaki kwa kipimo cha chuma: urefu wa mwili, upana wa kichwa, ukubwa wa jicho, urefu wa masharubu, umbali kutoka pezi moja hadi jingine, na upana wa kile kisahani cha mdomo. Huhesabu miale ya mapezi. Kwa kambare hawa, hesabu ya meno ya taya ya chini ni ushahidi mkubwa, kwa kuwa idadi na mpangilio wake hutofautiana kati ya spishi na spishi.

Kupima samaki mmoja hakutoshi. Miongoni mwa watu wa kijiji kimoja kuna warefu na wafupi, na samaki ni vivyo hivyo. Hivyo hupimwa samaki wengi, wa kike na wa kiume, wadogo kwa wakubwa. Lengo ni kuona kama tofauti iliyopo ni ya mtu na mtu au ya ukoo na ukoo.

Kisha hufuata ulinganishaji. Samaki anayedhaniwa kuwa mpya lazima awekwe kando ya vielelezo vya jamaa zake wote wanaojulikana. Vielelezo vya kale vya samaki wa Kenya vimetawanyika katika makavazi ya Ulaya, na baadhi vimekaa humo tangu enzi za ukoloni. Mtafiti asiyeviona, ana kwa ana au kwa picha na eksirei, hawezi kusema kwa uhakika kwamba samaki wake hajawahi kuelezwa.

Katika miaka ya karibuni, ushahidi wa DNA umeongeza nguvu. Mwaka 2014, mwaka mmoja kabla ya majina mapya kutolewa, Schmidt na wenzake, akiwemo Nathan Gichuki wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha utafiti kuhusu nasaba ya kambare wa mawe wa Kenya. Walisoma sehemu za DNA zinazorithiwa kutoka kwa mama peke yake, na nyingine zinazorithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili.

Sababu ya kutumia aina mbili za ushahidi ni rahisi kueleweka. Shahidi mmoja anaweza kudanganya. Mashahidi wawili wasiojuana wakisema jambo lile lile, na vipimo vya mwili vikaafiki, hukumu inakuwa na msingi.

Jina na kanuni zake

Hakuna serikali wala mahakama inayogawa majina ya wanyama. Kuna kanuni za kimataifa ambazo wataalamu wa wanyama kote duniani wamekubali kuzifuata, na mwanzo wa majina yote umewekwa kuwa mwaka 1758, katika toleo la kumi la kitabu cha Msweden Carl Linnaeus.

Kila jina lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya jenasi, ambayo ni kama jina la ukoo. Ya pili ni ya spishi yenyewe. Kerioensis maana yake ni wa Kerio. Brevibarbis ni mwenye masharubu mafupi. Devosi ni heshima kwa Luc De Vos, mtaalamu kutoka Ubelgiji aliyeongoza idara ya samaki katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi na ambaye alifariki mwaka 2003, mwaka ule ule orodha ya samaki wa Kenya ilipochapishwa.

De Vos mwenyewe alikuwa amewapa samaki wa nchi hii majina. Mwaka 2001 alieleza Synodontis manni, kambare wa Mto Tana. Kabla yake, mwaka 1962, P.J.P. Whitehead alikuwa ameeleza jamaa yake wa mto huo huo, Synodontis serpentis.

Kanuni zinadai jambo jingine muhimu: lazima samaki mmoja ateuliwe kuwa kielelezo kikuu, kinachoitwa holotaipu. Huyo ndiye mbeba jina. Huhifadhiwa katika makavazi yanayojulikana, akiwa na nambari yake, ili mtu yeyote mwenye shaka aende akamtazame. Wenzake waliopimwa pamoja naye huwekwa kama mashahidi wa ziada, na mara nyingi hugawanywa kati ya makavazi kadhaa ili moto au vita visiangamize ushahidi wote.

Mwisho, maelezo hupelekwa kwenye jarida la kisayansi. Wataalamu wengine huyasoma na kuyahoji kabla hayajachapwa. Maelezo ya Chiloglanis devosi yalitoka katika jarida la Zootaxa linalochapishwa New Zealand. Siku ya kuchapishwa ndiyo siku ya kuzaliwa kwa jina.

Majina mengi, samaki mmoja

Msomaji anaweza kudhani kwamba kila tofauti inayoonekana huzaa spishi mpya. Historia ya Mto Tana inafundisha kinyume chake.

Mgunduzi wa Uingereza J.W. Gregory alifika Mlima Kenya mwaka 1893. Samaki aliowakusanya walipelekwa London, na mwaka 1894 Albert Günther akatoa maelezo yao, akiwemo samaki mwenye magamba aliyemwita Barbus tanensis. Miaka michache baadaye, samaki waliokusanywa na S.L. Hinde, afisa wa utawala wa kikoloni, walimfikia George Boulenger huko huko London. Boulenger akatoa majina mengine, likiwemo Barbus hindii la mwaka 1902, kumkumbuka Hinde.

Majina yakaongezeka. Mmoja alikuwa na midomo minene, mwingine myembamba. Mmoja kichwa kirefu, mwingine kifupi. Kila mara samaki wachache wakiwa ndani ya chupa London walionekana kuwa tofauti na waliotangulia.

Mwaka 1973, Keith Banister alipowapima kwa pamoja samaki wengi wa aina hiyo kutoka Afrika Mashariki na Kati, aliona kwamba tofauti hizo nyingi zilififia. Aliyaweka majina mengi ya Tana na Athi, yakiwemo tanensis na hindii, chini ya jina moja la zamani zaidi, oxyrhynchus, lililotolewa na Mjerumani Georg Pfeffer mwaka 1889. Kwa kanuni, jina lililotangulia ndilo hushinda.

Kwa hivyo kazi ya mtaalamu wa uainishaji si kutafuta sifa kwa kuzidisha majina. Wakati mwingine ushahidi humlazimu ayapunguze. Samaki wa magamba wa Tana walikuwa wengi kwa majina kuliko kwa nasaba. Kambare wa mawe wa Ewaso Nyiro alikuwa na nasaba yake bila jina. Makosa yote mawili husahihishwa kwa njia moja: kukusanya zaidi, kupima zaidi na kulinganisha zaidi.

Jina lina faida gani?

Sasa turudi kwa swali la mwananchi. Kambare wa mawe hauzwi sokoni Chuka, Embu wala Meru mjini. Mbona fedha na muda vitumike kwake?

Jibu la kwanza linahusu sheria. Mradi mkubwa unapopangwa, kama bwawa au mfereji wa kunyunyizia mashamba, sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka athari zake zichunguzwe. Wachunguzi huorodhesha viumbe wanaopatikana mahali hapo. Samaki asiye na jina huandikwa "kambare mdogo", au huchanganywa na jamaa yake wa mto mwingine. Ripoti ikisema kwamba samaki huyo yuko pia kwingineko, hakuna atakayeshtuka akitoweka hapa.

Akiwa na jina lake, hesabu hubadilika. Ikijulikana kwamba anapatikana katika bonde moja tu duniani, kila kijito cha bonde hilo kinakuwa na uzito mwingine. Vivyo hivyo, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, haliwezi kupima hatari inayomkabili samaki ambaye hajatenganishwa na wengine.

Jibu la pili linahusu maji yenyewe. Kambare huyu huishi palipo na maji ya kasi yasiyo na tope. Akipungua, maana yake ni kwamba mto umepungua au umejaa udongo. Maji hayo ndiyo yanayonywewa na watu, mifugo na mimea. Samaki anatangulia tu kupata habari.

Na mabadiliko katika mito hii si madogo. Kati ya mwaka 1968 na 1988, mabwawa matano ya umeme yalijengwa katika sehemu ya juu ya Tana: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Yameipa nchi umeme kwa miongo mingi, na yamewapa wakazi wa Mbeere na Ukambani uvuvi ambao haukuwepo. Hata hivyo, mahali palipokuwa na maporomoko na mawe sasa pana maziwa yaliyotulia. Kwa samaki wa kujibandika juu ya mawe, makao hayo yamekwisha.

Upande wa Ewaso Nyiro, tatizo ni uchache wa maji. Mashamba yanayonyunyiziwa katika miteremko ya juu huchota kabla mto haujafika nyanda kavu za Isiolo na Samburu. Katika ukame wa mwaka 2009, mto ulikauka hadi mchanga ukaonekana katika sehemu ambazo kwa kawaida huwa na maji. Miezi michache baadaye, Machi 2010, ukafurika na kusomba kambi za watalii Samburu. Samaki anayetegemea mkondo wa kudumu hujikuta kati ya mauti mawili.

Hatari ndani ya ndoo

Kuna hatari nyingine isiyotangazwa sana, nayo inaweza kubebwa na mtu mmoja kwa mkono.

Kuanzia mwaka 2009, serikali ilihimiza ufugaji wa samaki kwa kuchimba vidimbwi katika maeneobunge mengi, yakiwemo ya Meru na Embu. Kiwanda cha kutayarisha samaki kilijengwa Kanyakine, Imenti Kusini. Mradi huo ulileta lishe na mapato mahali ambapo wengi hawakuwa na desturi ya kula samaki, na hakuna sababu ya kuubeza.

Tatizo ni kwamba samaki anayefugwa zaidi, tilapia wa Nile, si mwenyeji wa bonde la Tana. Mwenyeji wa huko ni jamaa yake, Oreochromis spilurus. Samaki wa jenasi hii huzaana kwa urahisi wakikutana. Mafuriko yakivunja kingo za kidimbwi, au mfugaji akimwaga vifaranga vya ziada mtoni, damu huchanganyika na haiwezi kutenganishwa tena.

Naivasha ni mfano ulio wazi. Spilurus aliyepelekwa katika ziwa hilo mwaka 1925 alizaana na tilapia wa aina nyingine, leucostictus, aliyeingia miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1970, spilurus halisi alikuwa ametoweka ziwani humo.

Hasara hiyo humrudia mfugaji mwenyewe. Samaki asilia ni hazina ya mbegu. Mwaka 2009, Dkt Nyingi na wenzake, kwa kutumia DNA, walieleza kundi la tilapia wa Nile wa asili ambalo halikuwa likijulikana, katika kinamasi cha Loboi karibu na Ziwa Bogoria. Kundi kama hilo lingeweza kupotea kabla ya yeyote kujua kwamba lipo, pamoja na sifa ambazo wafugaji wa kesho wangezihitaji.

Katika Meru hatari hii ina sura ya pekee. Vijito vinavyoelekea Ewaso Nyiro na vinavyoelekea Tana havikai mbali sana katika sehemu za juu. Ukuta ambao samaki hakuweza kuuvuka kwa maelfu ya miaka, mtu mwenye ndoo na pikipiki anaweza kuuvuka kwa asubuhi moja.

Mwananchi afanye nini?

Utambuzi wa samaki wapya haufanywi na maprofesa peke yao. Wataalamu hufika mtoni kwa siku chache, ilhali wenyeji huishi hapo mwaka mzima. Mvuvi wa Kiambere, mwanafunzi wa Tharaka au mchungaji wa Isiolo anaweza kuona samaki ambaye hajawahi kuonekana na mtafiti yeyote.

Anayemwona samaki asiyemfahamu ampige picha ya ubavuni, akiweka karibu naye kitu chenye ukubwa unaojulikana, kama vile sarafu. Kwa kambare wa mawe, picha ya upande wa chini inayoonyesha mdomo ina thamani zaidi. Aandike jina la mto, mahali hasa na tarehe, kisha apeleke habari hizo kwa afisa wa uvuvi wa kaunti au idara ya samaki katika Makavazi ya Kitaifa, Nairobi.

Mfugaji naye aweke wavu kwenye mdomo wa mfereji unaotoa maji kidimbwini, na asimwage samaki wala vifaranga mtoni kwa sababu yoyote. Wanaokusudia kupanda samaki katika mabwawa ya umma wauulize kwanza ushauri wa wataalamu, na waulize ni samaki gani waliopo tayari.

Mito ya Mlima Kenya na ya milima ya Nyambene bado haijachunguzwa kijito kwa kijito. Chiloglanis devosi amepata jina lake, lakini jina halimpi maji. Iwapo mkondo wake utaendelea kupungua, atabaki ndani ya chupa ya alkoholi tu, akiwa na nambari, jina na anwani ya mto ambao hatakuwemo tena.